Kiegemeo cha kichwa katika gari: uzuri sawa, lakini shingo kwanza

Ukitaka kujua gari imepita katika mikono ya watu namna gani, usiangalie rangi wala matairi. Fungua mulango, angalia juu ya viti. Kama vile viegemeo vya kichwa viko vyote, vimesimama sawasawa na vinashika, ujue kwamba mwenye gari anafikiri juu ya watu anaobeba. Kama kimoja kimepotea, kingine kinacheza kama jino la muzee, na cha shofere kimefungwa na kamba, ujue habari ingine.

Siku hizi kuko mutindo mupya. Gari za okazio zinazotoka Japani na kupitia Dar es Salaam zinafika kwetu zikiwa na viti vya kawaida, vya kitambaa cha rangi ya majivu. Kijana anayepata gari yake ya kwanza hapendi ile rangi ya majivu. Anataka kiti cha “sport”: ngozi nyeusi, uzi mwekundu, na kiegemeo chenye mabawa pande mbili kama cha gari ya mashindano, na jina la kampuni kubwa limeandikwa pale. Mimi sina shida na uzuri. Mutu anayeshinda siku nzima ndani ya gari ana haki ya kukaa vizuri na kuona kitu kinachopendeza. Lakini wengi wananunua kwa macho tu, na shingo ndiyo inakuja kulipa.

Gari inaanzia Baraka

Sisi watu wa Bibokoboko tunakaa juu milimani. Tunashuka kwa miguu ao kwa pikipiki, na kwa wengi wetu gari inaanzia Baraka. Pale ndipo tunapanda kuelekea Fizi-centre na Misisi kwa watu wa dhahabu, ao kuelekea Uvira kwa barabara ya taifa namba 5, kupitia Lusenda, Mboko na Makobola. Kwa hiyo ndugu moja anaweza kuniuliza: “Wewe mutu wa sendika ya mugodi, mambo ya viti vya gari yanakuhusu nini?”

Yananihusu sana. Muchimbaji anaokoka ndani ya shimo, kisha anaenda kuumia shingo ndani ya taxi. Mama anayebeba mafuta ya ngazi ao samaki ya ziwa anakaa katika ile gari masaa mengi. Katika mugodi tunagombana kila siku juu ya kofia ngumu, juu mutu anaona kofia ni joto, ni mbaya, inaharibu nywele. Kiegemeo cha kichwa ni ndugu ya ile kofia. Hakifanyi kitu mwaka mzima, kisha siku moja, kwa kufumba na kufumbua jicho, kinafanya kazi yake yote.

Kazi yake hapana kulala

Kwa Kifaransa wanaita appui-tête, na lile jina linadanganya kidogo. Linafanya watu wafikiri kwamba ni muto wa kulalia. Hapana. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia kichwa kisirudi nyuma wakati gari inapigwa kutoka nyuma.

Angalia vile inafanyika. Kichwa cha mutu mukubwa kina uzito wa kilo 4 mpaka 5, na kinakaa juu ya shingo nyembamba. Gari yako imesimama. Ingine inakuja nyuma, breki haishiki, inagonga. Kiti kinasukuma mugongo wako mbele papo hapo. Lakini kichwa hakina kitu kinachokisukuma, kinabaki pale kilikuwa. Mwili umeenda, kichwa kimebaki, na shingo iko katikati inavutwa. Kisha kichwa kinatupwa nyuma, na kinarudi mbele kwa nguvu kama fimbo. Kama kiegemeo kiko karibu na kiko juu vya kutosha, kichwa kinaenda pamoja na mugongo na shingo inapona. Kama hakiko, ao kiko chini, hali ni mbaya zaidi: kinakuwa kama jiwe chini ya shingo, na kichwa kinapindukia juu yake.

Ubaya wa maumivu haya ni kwamba hayaonekani. Hakuna damu, hakuna mufupa uliotoka. Mutu anashuka katika gari, anapanguza vumbi, anasema “Mungu ni mwema.” Kesho yake asubuhi hawezi kugeuza kichwa. Kuko wengine wanabaki na maumivu miezi, wengine miaka, na kila mutu anawaambia kwamba wanajifanya.

Tena haiombi mwendo wa haraka. Hata kugongwa polepole kunatosha. Na barabara yetu inajulikana: barieri hapa, barieri pale, shimo, mbuzi, muto uliojaa. Gari inasimama gafula, na nyuma yake kuko Fuso yenye muzigo. Mutu asiniambie kwamba kugongwa kutoka nyuma ni mambo ya Ulaya.

Marekani waliona mambo haya zamani. Gari ndogo zote zilizotengenezwa kwa kuuzwa kule kuanzia tarehe 1 Januari 1969 zilipaswa kuwa na viegemeo katika viti vya mbele. Kwa kamionete na basi ndogo amri hiyo ilingojea mpaka Septemba 1991. Mwaka wa 1997 kampuni ya Saab ilileta kiegemeo kinachojisogeza chenyewe mbele wakati gari inagongwa, na mwaka wa 1998 Volvo ikaleta kiti kizima kinachorudi nyuma pamoja na mutu ili kupunguza nguvu. Ndiyo kusema, wenye akili wa viwanda walitumia miaka na franga nyingi juu ya kitu ambacho sisi tunatoa na kutupa chini ya kiti.

Wawili mbele, wanne nyuma

Sasa tuseme ukweli juu ya taxi zetu. Kiti cha mbele kimetengenezwa kwa mutu moja. Kina mukaba moja na kiegemeo kimoja. Sisi tunakaa wawili. Kichwa cha wa kwanza kiko upande huu wa kiegemeo, kichwa cha wa pili kiko upande ule, na kile kiegemeo kiko katikati hakisaidii mutu. Nyuma tunakaa wanne. Kwa kupata fasi, ao ili mizigo ipite juu, konvoyere anatoa viegemeo vya nyuma na kuvitupa. Gari zingine za kazi zilitoka kiwandani na viti vya nyuma vifupi, bila kiegemeo hata kimoja. Na wale wanaopanda juu ya mizigo nyuma ya pick-up, kwao hata kiti hakiko.

Sitaki kumulaumu shofere peke yake. Yeye pia ana boss anayengojea franga za jioni, ana mafuta ya kununua, ana barieri za kulipa. Abiria wa pili wa mbele ndiye faida yake ya siku. Lakini pale kuko jambo ambalo haliombi hata franga moja: kile kiegemeo ambacho kiko tayari, kiinuliwe. Katika gari nyingi utakuta kimesukumwa chini mpaka mwisho, kama mukanda uliolegea, na hakuna mutu aliyekigusa tangu gari iliingia Kongo.

Namna ya kukipima

Kama unataka kununua kipya ao cha okazio, usianze na rangi. Anza na vitu hivi.

Kwanza, urefu. Kaa katika kiti vile unakaa siku zote. Sehemu ya juu ya kiegemeo inapaswa kufika sawa na sehemu ya juu ya kichwa chako. Kama haifiki pale, isiwe chini ya masikio. Kiegemeo kinachoshika shingo, hata kama ni kilaini kama pamba, ni kibaya. Kwa mutu murefu, angalia sana viti vya sport vya bei ndogo, juu vingi ni vifupi.

Pili, umbali. Weka vidole vyako kati ya kisogo na kiegemeo. Kama vinapita vidole vinne, ni mbali sana. Sheria mupya ya Marekani inaomba isipite sentimeta 5.5 kwa viti vya mbele. Tena angalia namna unakaa: mutu anayelaza kiti nyuma kama kitanda, na anaendesha kwa mukono moja, anajiweka mbali na kiegemeo chake mwenyewe. Simamisha mugongo wa kiti kwanza.

Tatu, ufunguo wake. Kiegemeo kina vyuma viwili vinavyoingia katika mashimo ya kiti, na kuko kitufe kinachovishika. Kiinue, kisha kisukume chini kwa nguvu bila kugusa kitufe. Kikishuka, hakifai. Kivute juu. Kikitoka, hakifai. Kiegemeo ambacho hakijifungi ni kama kofia ya mugodi isiyo na kamba.

Nne, vyuma vyenyewe. Hapa ndipo watu wanapoteza franga. Unene wa vile vyuma na umbali kati yao hautofautiani kwa kampuni tu, unatofautiana hata kwa gari za kampuni moja. Usiende soko bila kipimo. Toa kile cha zamani, pima umbali kati ya vyuma, pima unene, andika, ao beba chenyewe mukononi. Muuzaji akikuambia “hii inaingia katika gari zote,” mwambie akuonyeshe katika yako.

Tano, nyuma yake. Mutu anayekaa kiti cha nyuma ana uso unaotazama kiegemeo chako. Ile upande iwe laini pia. Vile viegemeo vyenye televizio ndogo vinapendeza watoto, lakini kioo na plastiki ngumu mbele ya meno ya mutoto ni jambo la kufikiria mara mbili.

Ngozi ao kitambaa?

Baraka iko kando ya ziwa Tanganyika, na jua la pale linajulikana. Ngozi ya plastiki nyeusi, gari ikiachwa saa sita ya muchana kwenye parkingi, inachoma shingo. Inatoa jasho, na kisha miaka miwili inapasuka pasuka. Faida yake ni moja: unaipanguza na kitambaa chenye maji, vumbi linaisha. Kitambaa kizuri kinapumua, hakichomi, lakini kinakunywa jasho na mafuta ya nywele, kwa hiyo kinaomba kufuliwa. Kwa njia yetu ya vumbi, chaguo la katikati ni kiegemeo cha kitambaa chenye kifuniko kinachotoka na kufuliwa kila juma. Kifuniko kiwe chepesi na kikae vizuri. Kikiwa kinene kinasukuma kichwa mbele, na mutu anaenda Uvira akiangalia magoti yake. Na kama gari yako ni ya aina ya vile viegemeo vinavyojisogeza vyenyewe, usivifunge na kamba wala kifuniko cha kubana.

Sponji ya ndani isiwe laini sana. Ukisukuma na kidole gumba na unasikia chuma mara moja, rudisha. Sponji nzuri inarudi polepole na haikuonyeshi chuma.

Na ile mito midogo ya shingo inayofungwa kwenye vyuma? Kwa safari ndefu inasaidia kupumzika, sikatai. Lakini ikiwa minene inasukuma shingo mbele na kuacha kichwa mbali na kiegemeo. Shofere asiitumie kwa kulala nusu-nusu. Shofere aliyechoka anaomba kusimamisha gari, haombi muto.

Mutindo wa mashindano

Tufike sasa kwa ile sport. Jina la Recaro, ambalo vijana wanapenda kuona juu ya kiti, linatoka Ujerumani. Ni kufupisha jina la kampuni ya zamani ya Stuttgart, Reutter Carosserie, na lilianza kutumika mwaka wa 1963. Kiti chao cha kweli ni cha bei kali. Kile unachokuta sokoni kwa bei ya magunia mawili ya muhogo, na jina limeshonwa na uzi mwekundu, ujue mwenyewe ni nini.

Kiti cha mashindano kina kichwa na mugongo kitu kimoja, na mabawa pembeni. Lakini pale mushindani amevaa kofia ngumu, amefungwa na mikaba ya mabega yote mawili, na katika Formula 1 tangu mwaka wa 2003 anavaa pia kile kifaa cha HANS kinachofunga kofia na mabega ili shingo isivutike. Vile vitu vinafanya kazi pamoja. Ukichukua mabawa peke yake na kuyaleta katika taxi ya Baraka, umechukua mukia ukaacha ngombe.

Hata kule kwenyewe, kiegemeo hapana pambo. Mwaka wa 2017, katika mashindano ya Baku, Azerbaijan, Lewis Hamilton alikuwa mbele ya wote. Kile kiegemeo kinachozunguka kichwa chake kikalegea. Akajaribu kukisukuma na mukono huku gari inakimbia, ikashindikana. Ikabidi aingie kwa mafundi wake wakifunge upya. Alimaliza wa tano, na ushindi ukaenda kwa Daniel Ricciardo. Gari ya mamilioni ya dola ilisimamishwa kwa sababu ya kiegemeo kilicholegea. Sisi tunaendesha bila kabisa, na tunasema hakuna shida.

Kuko tena jambo moja la kwetu. Gari nyingi hapa zina usukani kuume, na Kongo tunapita kuume. Shofere akitaka kupita Fuso, yuko upande wa majani, haoni mbele. Anategemea kuinama, kugeuka, ao kuuliza abiria. Kiegemeo kinene chenye mabawa juu ya kiti cha abiria kinafunika dirisha na kumunyima kuona pikipiki inayokuja kushoto. Kwa hiyo kama unapenda mutindo, tafuta kile chenye tundu katikati ao chembamba pembeni. Kiko kizuri vilevile, na hakifungi macho.

Cha zamani kizuri kinashinda kipya kibaya

Kama kiegemeo chako kimepotea, njia nzuri zaidi ni kutafuta cha gari ya aina ileile na ya mwaka uleule, kutoka gari iliyokufa. Waulize mafundi wa garaji Baraka ao Uvira. Kisha mupe fundi wa viti akishone upya na ngozi ao kitambaa unachotaka, hata na uzi mwekundu. Hapo umepata mambo mawili: vyuma vya kiwanda na uzuri wako. Usikubali fundi achomelee feri ya kujengea nyumba na kuifunika na sponji. Siku ya kugongwa, ile feri ndiyo itakutana na kisogo.

Ukinunua kipya, tafuta alama ya herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Ni alama ya kwamba kimepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya gari. Wadanganyifu wanajua kuichora pia, lakini kisicho nayo kabisa, uliza maswali.

Watu wanatumiana katika simu kwamba vile vyuma viliwekwa ili mutu avunje kioo gari ikianguka katika maji. Havikutengenezwa kwa ile kazi. Kama siku moja vinakusaidia, vizuri, lakini usivilegeze makusudi ukingojea ile siku.

Uzuri na kazi havigombani. Katika karne ya 19, kwa Waluba wa upande wa Shankadi, huko Katanga, mafundi walichonga viegemeo vya kichwa vya mbao vyenye sanamu za watu, vya kulalia usiku ili nywele zilizosukwa kwa masaa mengi zisiharibike. Leo vinatunzwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Vilikuwa na kazi, na uzuri ulikaa juu ya ile kazi.

Nani ataanza?

Wachimbaji wenzangu, tunapokodi gari ya kupeleka watu Misisi, tunajadiliana bei ya fasi mpaka jioni. Tuongeze neno moja katika ile mapatano: kila kiti kiwe na kiegemeo kinachoshika, na mutu moja kwa kiti cha mbele. Kama bei inapanda kidogo, tugawane. Mashofere wako na chama chao, ACCO, na pale parkingi wanasikilizana. Waseme wao kwa wao kwamba viegemeo havitolewi tena kwa ajili ya mizigo. Mama anayelipa franga yake aseme kwa heshima: “Baba shofere, niinulie hiki kitu.” Hatakataa.

Na wewe kijana mwenye gari mupya, nunua ile ngozi nyeusi, weka ule uzi mwekundu, gari yako ipendeze mpaka watu wa Fizi wageuke. Kisha kaa, weka vidole vinne nyuma ya kichwa chako, na upime.